Bunduki ya Babu Kwenye Mnada wa Mavuno

Hapa Gatina, ukimwambia Jentrix jambo asubuhi akikukunjia chapati, jioni utalisikia kwa makanga wa matatu usiyemjua, limetiwa chumvi na jina lako limewekwa mbele. Si kwa ubaya. Jentrix alikuwa mtu wa watu. Kibanda chake cha chapati na ndengu kilikuwa na benchi moja ya kukalia na nafasi kubwa ya kusimama, na waliosimama ndio waliokuwa wengi, maana walishakula kwao na walifuata habari tu.

Sasa wiki ile habari ilimfuata yeye. Mteja mmoja, fundi wa simu, alimwambia amesoma kwamba bunduki za kizamani, zile za mbao na shaba, zinatafutwa na matajiri kama dawa. Hawapigi nazo hata kunguru. Wanazitundika ukutani na kuziangalia, na kila mwaka bei inapanda kama bei ya shamba kule Kikuyu. Jentrix aliacha chapati ikaungua upande mmoja. Nyumbani kwake, katika ploti iliyo nyuma ya kibanda, pazia la kutenganisha kitanda na makochi lilikuwa limening'inia kwenye bunduki.

Mumewe aliitwa Sifuna, na bunduki ilikuwa ya babu yake. Mzungu mmoja aliyekuwa akiwinda na mzee huyo ndiye aliyemwachia akirudi kwao. Serikali iliiua zamani: mtutu ulizibwa kwa chuma cha kuchomelewa, na mzee akapewa cheti cha kusema hili ni pambo, si silaha. Alipofariki, ukoo ukakaa Bungoma kugawa vitu vyake kama desturi yao ilivyo, watu waliruka juu ya baiskeli, koti na redio, hata kigoda kiligombaniwa. Bunduki ikabaki pale chini kama mtoto wa jirani. Wakampa Sifuna, kwanza kwa sababu ndiye aliyepewa jina la mzee, na pili kwa sababu basi lake liliharibika njiani akakuta vitu vimekwisha.

Jentrix alimwambia mtu mmoja tu, kuwa pazia lake limetundikwa kwenye gari la kifahari. Kufikia saa ya chai, ploti nzima ilikuwa imepita mlangoni kwake kusalimia. Kufikia jioni, binamu za Sifuna ambao hawakuwa wamepiga simu tangu matanga walikuwa wanapiga kuuliza hali ya watoto. Na baba mkubwa Wanzala, mkubwa wa ukoo, akatuma neno kwamba anakuja Nairobi Jumanne kuichukua bunduki. Kaburi la mzee lilikuwa limejengewa, kutakuwa na ibada ya kumbukumbu, na bunduki ilazwe juu ya kaburi siku hiyo watu waione, kisha irudi kwa mwenyewe.

Sifuna wakati huo alikuwa Makina, kule Kibera, anachomelea vitanda vya shule vya kupandana, na kazi ilikuwa imemshika mpaka analala hukohuko kwa karakana. Alimpigia mkewe akamwambia pole pole, kama mtu anayempa mwingine yai ashike:

"Mama watoto, hiyo kitu isitoke kwa nyumba. Baba mkubwa akikosa kuiona, ataniuliza jina la babu nimepeleka wapi."

"Sasa itaenda wapi na imeshika pazia?"

Na kweli isingekwenda popote, kama si Bridgit.

Bridgit na Jentrix waliimba kwaya moja na kusuka kwa msusi mmoja, na hakuna aliyeweza kupumua mwenzake asijue. Fahari ya Bridgit ilikuwa mbuzi. Kila sikukuu ya mavuno, kanisani kwao walifanya mnada, na mnada wao ulikuwa na utaratibu wake. Unaleta kitu chako, watu wanakipigania bei huku wanacheka, anayeshinda analipa kanisa, halafu anasimama na kusema, "Imerudi nyumbani." Basi unarudi na kitu chako na makofi juu. Mbuzi wa Bridgit alikuwa amenunuliwa na mashemasi, na wageni, na mwakilishi wa mbunge, na bado alikuwa analala kwa Bridgit. Alikuwa amenona kwa kuuzwa. Siku ya mavuno hata hakuvutwa kamba, alitangulia mwenyewe.

Jumamosi Bridgit alipita kibandani akasikiliza habari ya bunduki mpaka mwisho, akafuta mdomo.

"Kumbe ile fimbo ya pazia ndio inasumbua watu hivi," akasema. "Mimi nilidhani unasema kitu."

Benchi ilicheka, waliosimama wakacheka zaidi. Jentrix hakulala vizuri. Jumapili alfajiri alipanda juu ya stuli, akavua pazia, akaifunga bunduki kwa leso yake mpya na kuibeba kanisani kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Alijiambia ni saa mbili tatu tu. Iende ionekane, inunuliwe, irudi nyumbani. Mbuzi alikuwa anarudi kila mwaka, na yeye ana miguu.

Jeconia, mzee wa kanisa na mwenye bucha, ndiye aliyeendesha mnada. Sauti yake ilikuwa ya kufukuza paka wa Riruta akiwa amesimama Gatina. Aliuza ndizi, akauza kuku, akamuuza mbuzi mpaka bei iliyomfanya Bridgit ajipepee na kitabu cha nyimbo. Halafu Jentrix akafunua leso. Kanisa zima lilisimama. Shaba iling'aa, maana alikuwa ameisugua kwa majivu tangu alfajiri, na kwenye mbao palikuwa na swara wawili wamechongwa wakikimbizana. Bei ilianzia kwa kuku, ikapita mbuzi bila kumwangalia, ikafika kwa fahali. Bridgit aliacha kujipepea. Jentrix alikuwa anahesabu nywele za mtu aliye mbele yake ili asicheke kwa sauti.

Ndipo mgeni wa heshima akainua mkono. Huyu alikuwa mzee Githinji wa Riruta, mjane mstaafu aliyekuwa ameletea kanisa viti vya plastiki, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuhudhuria mavuno pale. Alitaja bei ya pikipiki mpya. Jeconia mwenyewe alisahau kugonga meza. Watu wakapiga vigelegele, Githinji akatoa hela, zikaingia kwa kikapu, na kanisa likanyamaza kumngoja aseme lile neno.

Githinji akasema asanteni sana, Mungu awabariki. Akaifunga bunduki kwa leso ileile, akaitia kwa buti ya gari lake, akaenda.

Jentrix alibaki amenyoosha mikono ya kupokea. Alingoja mpaka wakafagia, akitumaini mzee ameenda kugeuza gari. Hakumpigia Sifuna. Angemwambia nini? Kwamba jina la babu yake limeenda Riruta na leso? Mtu hawezi kuchonga bunduki nyingine kufikia Jumanne, na baba mkubwa Wanzala hakuwa mtu wa kuambiwa iko kwa fundi. Aliwaza Sifuna amesimama mbele ya ukoo, yule wa basi lililoharibika, safari hii hata kile walichomwachia hana, na kwa mara ya kwanza tangu aijue Gatina alikosa maneno.

Lakini hakukosa watu. Kwetu mtu hendi kuomba jambo kubwa peke yake. Jumatatu mchana mama wa kwaya walifunga leso zao, wakabeba unga, maziwa na kabichi, wakamchukua Jeconia kama mwanamume wa msafara, wakashuka Riruta kwa miguu wakiimba. Bridgit naye alikuja. Hakusema amekuja kusaidia, alisema tu hawezi kuhadithiwa.

Githinji alifurahi kupita kiasi. Nyumba ile ilikuwa kimya tangu mkewe aondoke, na sasa mama walikaa kwenye makochi, kwenye mikono ya makochi na kwenye zulia, na wengine walishafika jikoni wakauliza sukari iko wapi. Ukutani kulikuwa na kabati la kioo, na ndani yake bunduki za kizamani zimepangwa kama watoto wa shule kwenye picha. Kila moja ilikuwa na kibali chake na hadithi yake. Alizieleza zote. Hii aliinunua kwa bei ya baiskeli, leo ni bei ya ng'ombe. Ile aliinunua kwa bei ya ng'ombe, leo huwezi kuigusa. Ya Jentrix ilikuwa katikati, juu ya kitambaa cha kijani.

"Vitu hivi havishuki, mama," akasema. "Binadamu anazeeka anakuwa bure. Hii inazeeka inakuwa mali."

Jentrix aliweka kikombe chini akamwambia yote. Pazia, mbuzi, jina la Sifuna, kaburi, Jumanne. Alisema haikuwa yake ya kupeleka. Mama wakaguna kwa huruma mahali panapostahili. Githinji alisikiliza kwa adabu, akasema pole, akasema hata yeye ana wazee wake waliolala, lakini hakuiba. Alinunua mbele ya madhabahu. Mnada ni mnada. Na kurudishiwa pesa zake hakukuwa na njia, maana mafundi wa paa la kanisa walikuwa wamelipwa asubuhi, na Jeconia alithibitisha hilo huku akitazama dari.

Ndipo Bridgit, kutoka kwenye mkono wa kochi, akasema kama mtu anayewaza tu:

"Kama mnada ni mnada, si iuzwe tena hapahapa? Mnunuzi aondoke nayo."

Githinji akafikiri. Alikuwa ameona Jumapili hawa watu wanavyorushiana bei, wanainuka kwa viti, wanapandisha mpaka jasho. Na hapa palikuwa na mama wengi, wenye vibanda na chama cha kuweka akiba. Tabasamu likamjia lenyewe. Jeconia akamuuliza mbele ya wote kama bei ya mwisho, iwe ipi, ataikubali. Githinji akasema yeye ni mtu wa neno lake, bei ya mwisho ni ya mwisho. Akavuta kiti akae vizuri asikie.

Jeconia akasafisha koo. Jentrix akasimama.

"Chapati mbili na ndengu," akasema.

"Chapati mbili na ndengu," Jeconia akaita, na vioo vya kabati vikalia. "Kuna anayeongeza?"

Hakuna aliyeongeza. Mama wa kwaya walikuwa wanaangalia zulia la Githinji kana kwamba limeandikwa kitu. Githinji akacheka kidogo, akingoja. Jeconia akaita mara ya kwanza. Mara ya pili. Hapo Bridgit akavuta pumzi, kwa nguvu, kifua kikajaa, na macho yote yakamgeukia. Miaka yote ya kwaya, ya msusi, ya benchi kucheka, ilikuwa imesimama kwenye koo la yule mwanamke.

Bridgit akakohoa.

"Endeleeni," akasema. "Ni vumbi tu."

Jeconia akagonga meza mpaka vikombe vikaruka.

Githinji akafungua kabati mwenyewe, maana kweli alikuwa mtu wa neno lake, na akamkabidhi Jentrix bunduki kwa mikono miwili. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kwa mazishi. Akamweleza kwamba hajui alichofanya. Katika mambo haya thamani ya kitu ni bei yake ya mwisho, na bunduki hii sasa imeandikwa chapati mbili. Kuipandisha tena ni kazi ya miaka.

"Kwa hivyo binamu wa mtu akisikia hiyo bei," Jentrix akauliza, "anaweza kuja kuigombania?"

"Kwa chapati mbili? Nani mwenye akili."

Jentrix akaifunga kwa leso, akaifunga vizuri, akamgeukia Bridgit aliyekuwa anatafuta viatu vyake mlangoni.

"Bridgit dadangu, umesikia vile mzee amesema?"

"Nimesikia."

"Basi usinifichie siri. Sema kila mahali."

Bridgit alikuwa ameshatoka kwa geti. Msafara ulipofika Gatina na nyimbo zake, mama mboga wa kwanza waliyemkuta barabarani aliwaonea huruma, akamwambia Jentrix asijali, hata chapati mbili ni kitu, na kwamba binamu mmoja wa Sifuna, aliyekuwa amekuja kuulizia bunduki, amepita hapo sasa hivi akirudi kwake.