Taa za Karavani

Skolastika hakuipenda ile karavani tangu siku ilipokokotwa na trekta hadi ubavuni mwa stendi ya Songea, na wala hakumficha mtu. Lilikuwa dude kuukuu la bati, walimokuwa wakilala mainjinia wa Kizungu enzi zile barabara ya lami inajengwa. Mainjinia wakaenda zao, kampuni ya umma iliyolirithi ikapunguza watu, na Valence, mume wake, fundi umeme wa miaka chungu nzima, akaambiwa: kiinua mgongo hakuna, chukua hilo. Akalichukua. Angefanyaje? Siku hizo kila kitu ruksa, mwenye duka auze, mwenye mdomo auze, na mwenye karavani naye atafute cha kuuza.

Cha kuuza kilikuwa mikono ya Skolastika. Supu asubuhi, chai na chapati jioni. Lakini kilicholeta watu hasa ni taa. Mji ulitegemea jenereta, na jenereta ilikuwa na maringo. Giza likitanda stendi nzima, karavani peke yake inang'aa: taa nne, feni na redio, vyote vya betri ya gari. Walikuja hata wasio na njaa. Valence alisimama mlangoni na kalamu sikioni, ungedhani ndiye aliyeliwasha jua.

Aliyelala humo kulinda alikuwa Kajetani, mdogo wake Skolastika wa tumbo moja. Kijana mpole, wa kucheka kabla hajaambiwa kinachochekesha. Posa yake ilikuwa imepokelewa kule Mpitimbi kwa binti aitwaye Rosemary, na wazee walingoja tu mavuno yaishe waketi kupanga mahari. Skolastika, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, alikuwa ameshaanza kuwaza atavaa kitenge gani.

Kabla ya Pasaka, Valence akataka karavani ibarikiwe. Sisi huku kitu hakiwi chako sawasawa mpaka padri akinyunyizie maji: nyumba, baiskeli, mashine ya kusaga. Na Valence hakutaka Baba Paroko akute kutu. Alipaka rangi nyeupe juu, halafu akalala chali uvunguni, akafungua kila kilichofunguka, akakipaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, akafunga tena.

"Mlamu," Kajetani alimwambia, ndivyo mashemeji wanavyoitana huku, "huko chini padri ataona saa ngapi?"

"Mungu anaona," alijibu Valence, na wote wakacheka. Karavani ikabarikiwa, watu wakala pilau.

Hazikupita siku nyingi taa zikaanza visa. Ikiwashwa moja, sawa. Zikiwashwa zote na feni, zinafifia, zinakuwa nyekundu kama makaa yanayokufa, redio inakoroma, kisha giza. Wateja wanaguna, wengine wanatokomea na vikombe vya watu. Valence akaipeleka betri kuchajiwa. Ikarudi imejaa. Jioni, yale yale.

Huyu alikuwa fundi umeme wa majumba, si wa magari. Maisha yake yote, taa ikigoma, alilitafuta kosa kwenye waya wa moto; ule wa kwenda ardhini kwake ulikuwa wa usalama tu, usipokuwepo taa inawaka vile vile. Basi akabadilisha fyuzi. Akafungua swichi, akazisugua. Akaufuata waya mwekundu toka kwenye betri mpaka darini, akiupapasa na kuupindapinda, akaukuta mzima.

"Baba Pamela," Skolastika alimwambia, "si umwite mmoja wa hao mafundi wa magari hapo ng'ambo, atazame tu?"

"Wale watoto wa gereji? Wanifundishe mimi umeme?"

Thubutu! Afe kwanza. Na alipolikosa kosa kwenye waya, akaanza kulitafuta kwa watu.

Jioni moja, wateja wamejaa, taa zikazima. Valence akatoka nje, alikokuwa Kajetani anapasua kuni, akapaza sauti stendi nzima isikie.

"Betri yangu unaikodisha! Nikienda kulala unaipeleka kwenye vilabu vya pombe ya komoni wapigie muziki, alfajiri unairudisha imenyonywa. Nilidhani nimeweka ndugu, kumbe nimeweka mwizi!"

"Mlamu, mimi?"

"Wewe! Nani mwingine ana ufunguo?"

Kajetani alimtazama dada yake. Na Skolastika, jamani, Skolastika ambaye mdomo wake hata wapiga debe wanauogopa, siku hiyo alikuwa na trei ya vikombe mkononi, akasema tu, "Kaja, hebu ondoka kwanza, hasira zipoe." Maneno hayo yalimuuma Skolastika baadaye kuliko yote. Kijana aliweka shoka chini taratibu, akaenda zake kijijini bila hata blanketi.

Taa hazikuwa na habari kwamba mwizi ameondoka. Kesho yake jioni zikafifia vile vile. Hapo mdomo wa Skolastika ukarudi.

"Haya, leo nani kaikodisha?"

Valence akainama kuitazama betri.

"Chukua taa uiweke kwenye betri yenyewe. Sasa hivi, nikuone."

Akaiweka, nyaya mbili fupi, kila mmoja kwenye kichwa chake cha betri. Taa ikawaka mpaka ikawaumiza macho. Betri ilikuwa nzima. Ilikuwa nzima siku zote!

Valence alikuna kidevu. Akachukua waya mrefu, akaufunga upande wa hasi wa betri, akaupitisha dirishani, akaugusisha kwenye taa ya darini pale unapotokea waya mweusi. Taa ikawaka kwa nguvu. Akautoa, ikafifia. Akaugusisha tena, ikawaka. Umeme ulikuwa unakwenda vizuri, ila ulikuwa haurudi. Kwenye gari, na karavani ni gari tu, njia ya kurudi ni chuma chenyewe cha chini, na hicho ndicho ambacho fundi wetu hakuwa amekitazama.

Akachukua tochi, akaingia uvunguni. Skolastika akapiga magoti, akachungulia. Waliikuta nati moja, chini yake waya mweusi mnene wa betri, na chini ya waya, rangi. Nyekundu, nene, imepakwa kwa upendo. Rangi haipitishi umeme, ukawa unajipenyeza kwenye bolti kwa shida. Taa moja uliitosheleza, zote ukashindwa. Valence akaikwangua kwa kisu hadi chuma kikawa cheupe, akakaza nati. Juu yao karavani yote ikawaka, feni ikazunguka, na redio ikaendelea na matangazo ya vifo.

Alitoka na vumbi jekundu kwenye nywele. "Yamekwisha," alisema.

"Hayajaisha. Umwite Kajetani, na pale pale ulipomtukania useme ni rangi yako."

"Nitasema."

"Lini?"

"Jumapili, tukitoka misani."

Jumapili akasema kichwa kinamuuma. Jumapili iliyofuata akasema kuna wageni. Wateja walipomsifu, "Fundi, kumbe ulizipata!", alijitia anatafuta kibiriti. Aliwaacha waamini wanachopenda, na walipenda kuamini mwizi. Skolastika aligomba, akanuna, akamnyima hata salamu. Ng'o! Mwanaume aliyekwisha kunyang'anywa kazi, nyumba ya kampuni na kiinua mgongo aliona amebakiwa na jina la ufundi tu, na hilo hakuwa tayari kulitoa kwa ajili ya mtu yeyote.

Ndipo akaja Mzee Osmund wa Mpitimbi, baba mkubwa wa Rosemary. Huku kwetu binti haendi kwa mtu kabla wazee hawajatuma mmoja wao kuuliza kule alikoishi kijana: analewa? Anapiga? Mkono wake mrefu? Na jibu linalobeba uzito ni la mwenye nyumba aliyemweka. Mzee alifika jioni, suruali imepigwa pasi, akaamkiwa shikamoo, akapewa chai. Hakuzunguka.

"Mwanangu Valence, kule kwetu limefika neno la betri. Hatutaki kumkataa mtoto wa watu kwa uvumi, maana binti mwenyewe bado analia anamtaka. Wewe umekaa naye. Ni mwizi, au si mwizi?"

Skolastika aliiacha chapati kikaangoni. Sema, alimwomba kimoyomoyo. Rangi. Sema ni rangi, basi, mtoto wa watu aoe. Taa zote ziliwaka juu ya kichwa cha mumewe. Wateja waliacha kutafuna.

Valence aliwatazama wateja. Akakohoa.

"Mzee, mimi siwezi kumsema mtu. Ninachojua, tangu ameondoka taa zinawaka."

Loh! Skolastika alichomoka na mwiko mkononi. "Mzee wangu, zinawaka kwa sababu alikwangua rangi! Aliipaka mwenyewe, chini ya nati! Mdogo wangu hakugusa kitu. Njoo uvunguni nikuonyeshe, njoo!"

Mzee Osmund hakuinuka. Alimgeukia Valence, kwa upole, kama mtu anayeomba kusaidiwa. "Anayosema mama ni kweli?"

Valence aliikodolea macho chai ya mzee.

"Huyu ni dada yake," alisema.

"Ahaa."

Mzee akatikisa kichwa polepole. Alimaliza chai yake, akamshukuru Skolastika kwa heshima zote, akamwambia dada mwema humtetea mdogo wake na hata yeye angefanya hivyo hivyo. Kisha akachukua kofia yake akawahi gari la Mpitimbi. Wateja wakarudia kutafuna.

Skolastika alibaki amesimama katikati ya karavani. Nyuma yake chapati ilikuwa inaungua.

"Umemmaliza mdogo wangu," alisema.

"Nimesema uongo gani?" Valence aliuliza, na wala hakuwa anabisha, alikuwa anauliza kweli. "Taa haziwaki? Wewe si dada yake? Nionyeshe, Mama Pamela. Neno gani la uongo nimesema?"

Skolastika aliyapitia maneno ya mumewe, moja baada ya jingine, toka mwanzo hadi mwisho, akilitafuta la uongo. Hakuliona.