Mwenye Shifti ya Jioni

Mama Kiprono alikuwa anaosha vyombo tena, na kosa lake lilikuwa lile lile: ametoa ushauri.

Sheria aliitunga mwenyewe. Sisi ni wauguzi wanne tunaokutana Jumamosi moja kila mwezi sebuleni kwake, Mount Druitt, hapa Sydney. Wote tumesugua wodi miaka na mikaka, na wote tumewahi kuona cheo kikipewa binti tuliyemfundisha kazi sisi wenyewe. Kwa hiyo tukaamua kufundishana uongozi. Mmoja analeta jambo lililomshinda kazini, wengine wanamuuliza maswali tu mpaka mwenyewe aione njia. Ukishauri, unaosha vyombo. Sasa mwambie Mkenya aliyelelewa kanisani asimshauri mwenzake, uone kama hatapasuka! Mwenzetu Elkana hujijaza chapati ili mdomo uwe na kazi. Mama Kiprono hata hajaribu. Hushauri, huosha, kisha huendelea kushauri akiwa kwenye sinki.

Jumamosi hiyo zamu ya kuleta jambo ilikuwa yangu, na nilikuwa na hasira ya kuvunja vikombe.

Bosi wa wodi yetu alikuwa amenipa uongozi wa shifti ya jioni kwa majaribio. Ijumaa aliniita ofisini, akanipa kiti, akatabasamu vile Waaustralia wanavyotabasamu wakikuletea habari mbaya.

"You're a lovely nurse, Jacky," akasema, "but nobody goes to you."

Jumatatu angebaki jioni ajionee mwenyewe. Kama hali ingekuwa ile ile, nafasi angepewa mwingine. Nimeingoja nafasi hiyo tangu wanangu wako chekechea, na sasa wamenipita kimo.

Na aliyekuwa akiendewa na watu nilimjua vizuri. Alikuwa pale kwenye sinki. Mama Kiprono yuko wodi moja na mimi. Cheo hakitaki, anasema makaratasi yatamuua kabla ya presha. Lakini familia ya mgonjwa ikija kwa ukali, au mgonjwa akikataa dawa, wote humkimbilia yeye, naye huwa ameshamaliza kabla sijageuka. Wala hana nia mbaya. Huyu ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege nilipokuja Sydney, akanilaza kwake, akanibebea mtoto nikienda kazini. Mtu kama huyo unamwambiaje kwamba amekukalia? Kwetu humwambii. Unameza, unatabasamu, unaongeza chai.

Basi nikaleta uongo.

"Wafanyakazi hawanisikizi," nikasema. "Nadhani ni accent yangu."

"Si hiyo accent umekuwa nayo miaka yote na wagonjwa wanakuelewa?" Elkana akauliza, mdomo umejaa.

Honorine, ambaye alianzia uuguzi Bukavu na sasa yuko kwenye nyumba ya wazee, alinitazama bila kupepesa. "Bon, Jacky. Wakikuwa na problème, wanaendaka kwa nani?"

Mama Kiprono alikuwa amerudi sebuleni, anajifuta mikono. Ningeweza kutaja mtu yeyote. Lakini hasira ilikuwa imeshafika kooni.

"Kwako, Mama Kiprono. Wanakuja kwako, na wewe unawajibu. Mimi ndio in-charge wa shifti, lakini hata wewe mwenyewe huniulizi kitu."

Elkana aliacha kutafuna. Mama Kiprono aliketi polepole, na nikaona macho yake yamejaa machozi. Nilijichukia, na papo hapo nikajisikia mwepesi.

"Na mimi nilidhani nakusaidia," akasema. "Niliogopa watakuangusha."

Akafungua mdomo tena. Wote tulijua kinachokuja, ushauri mrefu wenye maombi ndani yake. Akaufunga. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Jacky, Jumatatu unataka nifanye nini?"

Lilikuwa swali lake la kwanza tangu kikundi kianze. Lawama nilikuwa nazo tele, ila sikuwa nimewahi kufikiria ningeagiza nini.

"Anakuuliza," Honorine akasema. "Jibu."

"Wakija, watume kwangu. Hata ukiona najikwaa."

"Hata ukiharibu?"

"Hata nikiharibu."

Jumatatu bosi alikaa pembeni na kompyuta yake, anajifanya anaandika. Muuguzi mmoja alikuwa amepiga simu kwamba ni mgonjwa, kwa hiyo nilianza kugawa wagonjwa upya. Kukabaki chumba cha mwisho, cha mzee mmoja wa mtaa wa Cabramatta ambaye akichanganyikiwa hupiga ngumi na kurusha chakula. Sisi Waafrika wa wodi ile tuna desturi yetu: chumba kama hicho hapewi Mama Kiprono. Wadogo wanakichukua bila kuambiwa, kwa heshima. Lakini jioni hiyo wadogo walikuwa muuguzi mmoja mgeni kazini na mwingine wa kuazima asiyejua hata dawa ziko wapi. Mzee yule angewaumiza.

"Mama K, what do we do?" yule mgeni akauliza.

Wote wakamgeukia. Mama Kiprono aliangalia viatu vyake. Aliubana mdomo mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na nikajua akitamka neno moja tu, nimekwisha.

"Mama Kiprono," nikasema, "chumba cha mwisho leo ni chako. Ukichoka, nitakuja nikupokee mwenyewe."

Aliinua uso. Mtoto hamtumi mama yake kazi ngumu mbele za watu, na sote wawili tulilelewa hivyo.

"Sawa, in-charge," akasema. Kisha akarudia kwa Kiingereza, kwa sauti, ili kila mtu asikie: "Yes, in-charge."

Akachukua glavu, akaenda. Yule muuguzi mgeni akanijia.

"Jacky, bed six is refusing his tablets."

Nilitaka kulia. Nikamwambia twende pamoja tukamwone.