Fundo la Mwisho

Loviisa alikuwa na uchungu tangu jana asubuhi, na mtoto amegoma kutoka. Mumewe, Tahvo, alisimama nje ya sauna, kibanda cha kuogea mvuke alimokuwa akijifungulia mkewe, theluji imemfika magotini. Alikuwa ameshafungua kila kilichofungwa pale nyumbani, maana Luonnotar, mwali wa uumbaji, hapiti penye fundo. Kufuli ametoa, kamba za viatu amelegeza, nyavu alizozisuka kiangazi kizima amezifumua. Wapi! Mtoto hakusogea.

Mkunga, Bibi Marketta, alitoka na mvuke wake, akamwuliza kama kuna kilichobaki. Tahvo akasema hakuna. Alidanganya, na woga ndio uliomdanganyisha.

Ghalani alilala mama yake, aliyefariki juzi. Tahvo mwenyewe ndiye aliyemfunga vidole gumba vya miguu kwa uzi wa sufu, ili Kalma, pepo wa kifo, asije akamwinua na kumtembeza. Na mama huyo na Loviisa, jamani, hawakupikika chungu kimoja. Hata kufa alikufa akisema mtoto wa yule mwanamke hatalazwa kwenye kitanda alichowalazia wanawe. Sasa umfungue mtu wa namna hiyo, mtoto akiwa mlangoni?

Ndani, Loviisa hakuwa akipiga kelele tena. Hilo ndilo lililomtisha Tahvo kuliko kelele zenyewe.

"Mwanangu," Marketta alisema, "nani hujamfungua?"

Macho ya Tahvo yakaenda ghalani yenyewe.

"Akisimama je, bibi?"

"Akisimama tutajua la kufanya. Mkeo ndiye hatasimama tena."

Lisilo budi hutendwa. Tahvo akakimbia. Ghalani vidole vyake vilikufa ganzi kwa baridi, na fundo alikuwa amelikaza mno, kwa hofu. Akapiga magoti, akaling'ata, shavu lake limegusa nyayo za mama yake. Zilikuwa baridi kama jiwe la kisimani. Akajikuta analia kwa uchungu, kwani tangu mama afe alikuwa hajapata nafasi ya kumlilia. Kazi ilikuwa kumwogopa tu.

"Ukija, mama," alinong'ona, "uje kama bibi yake."

Uzi ukaachia. Akabaki amepiga magoti pale, hathubutu kupumua, akiitazama ile miguu. Kisha kutoka sauna kikaja kilio chembamba, cha hasira.

Alipofika, Loviisa alikuwa hai, amelowa jasho, binti kifuani. Marketta hakumpa hata nafasi ya kumshika mtoto. Alimrudisha mbio akafunge tena kabla mtoto hajavushwa kwenda nyumbani.

Alikawia. Aliporudi alikuwa peku ndani ya viatu, na ule uzi bado umening'inia mkononi.

"Umemfunga?" Marketta aliuliza.

"Nimemvika soksi zangu," alisema Tahvo. "Akija kumwona mjukuu wake, njia ina theluji."