Kibali cha Tajiri

Afande aliugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, na ukuta wote ukaitikia mpaka sufuria za jirani upande wa pili zikagongana.

"Mabati," alisema.

"Mabati na mbao, afande," Mshono alijibu kwa heshima, utadhani mbao zingeongeza kitu.

"Sheria inataka silaha ilale kwenye sanduku la chuma, na sanduku lifungwe kwa bolti kwenye ukuta wa matofali au zege. Sasa wewe utalifunga wapi? Mwizi akija hapa ataondoka na bastola, sanduku, na ukuta wenyewe."

Nyuma ya bati jirani aliangua kicheko. Hata mke wa Mshono, aliyeketi ukingoni mwa kitanda kwa kuwa chumba hakikuwa na pengine pa kuketi, aliuma mdomo asicheke.

"Na mali unayotaka kuilinda ni ipi?" afande aliuliza, akizungusha macho chumbani.

"Roho yangu, afande."

"Roho kila mtu anayo. Huyo anayekutisha, njoo uripoti."

"Nimesharipoti."

"Basi ripoti tena." Akavaa kofia yake, akatoka.

Mshono alikuwa mlinzi wa bohari la saruji. Jina hilo alipewa na wapakiaji, baada ya wezi kumvamia getini kwa mapanga na kumwachia shavu lililoshonwa kutoka sikioni hadi kidevuni. Mshono alimtambua mmoja wa wezi, kijana wa mtaani aliyeitwa Kipara, na akamtaja polisi bila kumung'unya maneno. Kipara akakamatwa, akaonja rumande, akatoka kwa dhamana. Tangu hapo, kila wakikutana njiani, Kipara humuuliza kwa upole hali ya shavu, kisha humkumbusha kwamba kesi isiyo na shahidi haifiki mbali.

Kukataliwa kibali cha bastola peke yake Mshono angekumeza. Alikuwa amekataliwa mengi maishani. Kilichomkaa kooni ni kwamba tajiri wake aliomba kibali hichohicho, na akakipata.

Siku ya wizi tajiri alikuwa safarini, hata usingizi wake haukukatika. Lakini alipoitwa polisi kuhojiwa kuhusu kibali alimchukua Mshono garini, tena kiti cha mbele, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mbele ya mkuu wa polisi akamshika kidevu na kumgeuza shavu kwenye mwanga wa dirisha.

"Tazama, mkubwa. Hivi ndivyo wanavyonifanyia."

Wanavyonifanyia! Na Mshono, kwa ujinga wake, aliinua uso vizuri ili mshono uonekane wote. Akaeleza kwa bidii jinsi panga lilivyoshuka. Alidhani mlango ukishafunguliwa kwa tajiri, naye atapenya nyuma yake.

Sasa bastola ilikuwa kiunoni mwa tajiri kila siku. Mshono hakuwahi kumwonea wivu kwa nyumba yake wala gari lake. Hiyo alisema ni riziki ya mtu. Lakini bastola ile aliionea kijicho cha kumnyima usingizi. Aliihesabu kuwa yake, imenunuliwa kwa shavu lake. Tajiri akiinama na koti likapanda, Mshono humeza mate kama mwenye njaa anayetazama sahani ya mwenzake. Alimchukia tajiri kwa namna anavyotembea siku hizi, mikono ikielea mbali na mbavu.

"Tajiri, naomba unisemee kwa mkubwa," alijikaza kumwambia siku moja getini. "Yule Kipara ananiwinda."

"Si una rungu?"

"Rungu ni la kazini. Jioni nalirudisha stoo."

Tajiri alicheka, akampiga begani. "Halafu wewe ukiwa na bastola, mimi nitalala vipi?"

Nyumbani alimnunia mkewe kwa kosa lisilo lake.

"Hata wangekupa ungeiweka wapi, baba watoto? Chini ya mto, na watoto humu?"

"Kiunoni. Kama wanaume wenzangu."

"Mimi sikuolewa na kiuno. Acha kazi, tuhame."

"Tuhamie wapi? Kipara hana miguu?"

Mkewe alivuta shuka. Aligeukia ukutani akajifanya amelala.

Asubuhi moja tajiri alimchukua amsindikize benki. Mlangoni palikuwa na tangazo: silaha haziruhusiwi ndani. Tajiri alirudi garini, akaifungia bastola kwenye kisanduku cha mbele, akafunga na milango yote, akatia funguo mfukoni.

"Kuingia nayo hawataki, na kuiacha bila mtu ni kosa. Simama hapa, usisogee. Ikipotea, jela unakwenda wewe."

Mshono alisimama na rungu lake. Kupitia kioo alikiona kile kisanduku, na wivu ukampanda upya. Hata kulala, bastola ile ilitafutiwa mlinzi.

Alipoinua macho, Kipara alikuwa anavuka barabara na wenzake wawili. Hawakuwa na haraka. Mmoja alikuwa ameingiza mkono ndani ya shati.

"Habari za asubuhi, mzee wangu," Kipara alisema. "Shavu linaendeleaje? Kesho mahakamani utafika kweli?"

Mlango wa benki haukuwa mbali. Mshono aliutazama, akakumbuka jela, akabaki palepale. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagota kwenye mlango wa gari, akaukandamiza kwa nguvu, kana kwamba angeweza kupenya kioo akaifikia ile bastola. Gari likaanza kupiga kelele za kengele ya wezi. Watu barabarani wakageuka.

Tajiri alichomoza kichwa mlangoni mwa benki.

"Wewe! Unafanya nini na gari langu? Toa mgongo wako hapo!"

Mshono akautoa mgongo garini, akasogea hatua moja mbele, alikosimama Kipara.