Mkono Begani kwa Malkia

Shangazi alikuwa akipiga pasi kola ya shati la mteja, mkono wake wa kulia ukapata joto. Akaiweka pasi kando na kumwambia binti wa kaka yake aliyekuwa akikunja mashuka, "Kuna mtu kanishika."

"Nani tena, Shangazi, na uzee huo?"

"Simjui. Ana vidole vya mafuta."

Binti akacheka, akaendelea kukunja. Mambo ya mkono ule hayakuwa mageni pale kwenye kibanda chao cha udobi. Ujanani Shangazi aliimba jukwaani na mwenzake aliyeitwa Malkia. Yeye akianza wimbo, Malkia akiupokea katikati. Kiwanda cha sabuni kikawapiga picha ili kitie kadi ndani ya kila pakiti. Kadi ilikuwa nyembamba, haikutosha watu wawili, hivyo mkata karatasi akamkata Shangazi. Ukabaki mkono wake tu, maana ulikuwa begani kwa Malkia, na bega la Malkia lilikuwa halikatiki.

Tangu siku hiyo, kila aliyeishika kadi alimshika Shangazi. Watoto walipokuwa wakibadilishana kadi, Malkia mmoja kwa wachekeshaji wawili, mkono ulichemka hata akanyoosha mashati kwa kiganja. Kisha sabuni ikaacha kuja na kadi, watoto wakaota mvi, Malkia akafa, mkono ukapoa.

Sasa joto lilikuwa limerudi. Sababu ilibandikwa ukutani mtaani: maonyesho ya kadi za zamani.

"Twende," alisema Shangazi. "Waandike jina langu ningali hai. Nikishazikwa nitadai kwa mdomo gani?"

Ukumbini kadi ilikuwa imekuzwa ikajaza ukuta. Chini yake paliandikwa: Malkia, na mkono wa mtu asiyejulikana.

"Mkono huo wangu," Shangazi alimwambia mwenye kadi, bwana mmoja aliyekuwa akijifuta vidole kwa leso.

"Mnakuja wengi, mama. Jana alikuja mzee mwenye ndevu, naye alisema wake."

Shangazi alikohoa, akaanza ule wimbo wao, sauti ikikwaruza kama mlango wa stoo, akafika pale alipozoea kunyamaza. Malkia akapokea kutoka ukutani. Aliimba mpaka mwisho, akafunga mdomo. Watu wakapiga makofi; mama mmoja akambeba mwanawe aone vizuri.

Mwenye kadi alifuta machozi kwa leso ile ile. "Ndiye mwenyewe, Malkia," alisema. "Sauti haijapungua hata kidogo."

"Na mkono je?"

"Mkono haujulikani, mama. Lakini kesho unaweza kuja kumwanzishia?"

Kesho yake mwenye kadi alimwekea kiti nyuma ya pazia, ili asiwazibie watu picha.

"Shangazi, wanakuficha tena!" Binti alifoka. "Mara ya pili hii! Inuka twende zetu."

"Naona, mwanangu, sijapofuka." Shangazi alijiweka sawa kitini. "Lakini nisipoanza, mwenzangu atapokea nini?"

Maonyesho yakaongezewa muda. Kila alasiri Shangazi huanza nyuma ya pazia, Malkia hupokea ukutani, na maandishi yapo vile vile. Watu hutoka wakiuimba ule wimbo mpaka barabarani. Huuanzia katikati.