Aprili ya Benjamin

"Shemeji huyu alijiandikisha mjane kaka yangu akiwa hai," Filipo akawaambia wanachama. Maneno yakazama. Wanawake niliokaa nao benchi moja wakavuta khanga zao upande wa pili, kama vile ujane unaambukiza kwa kugusana.

Nyuma yake, kompyuta ya chama chetu cha wakulima wa alizeti hapa Iguguno ilikuwa imegeuziwa mkutano. Karani alishasoma mara mbili: Elina, mjane wa Enock, ameandikishwa kuchukua nafasi ya marehemu tarehe kumi na moja Aprili. Mume wangu Enock alifariki Agosti. Aprili alikuwa shambani anafukuza ndege, jioni anakula ugali wangu. Filipo hakusema nimemuua. Mwoga hasemi, anawaachia wengine wamalizie. Alichokitaka alikisema wazi: nifutwe, na kabla mvua hazijaanza shamba la kaka yake katika eneo la chama lirudi kwa ukoo. Ukoo maana yake Filipo.

Mimi nilijua Aprili hiyo ilikotoka, maana niliiona ikitengenezwa.

Ilikuwa wiki chache tu nyuma, mwezi wa Oktoba. Nilikwenda ofisini na nguo zangu nyeusi, pamoja na Flora, jirani yangu, aliyekuwa anamwandikisha mwanawe mchanga kuwa mrithi wake. Majina ya wanachama yako kwenye programu inayofunguliwa kupitia tovuti ya chama. Siku hiyo, kila karani alipoifungua, ukurasa mwekundu ulitangulia ukionya kwamba tovuti si salama, cheti chake cha usalama kimeisha muda. Hata mimi wa darasa la saba nilielewa. Mgeni akija kijijini na barua ya utambulisho iliyopitwa na wakati, unamrudisha akalete nyingine.

Benjamin, mtaalamu wa mfumo kutoka Singida Mjini, hakuleta nyingine. Aliingia na miwani ya jua asiyoivua hata ndani ya nyumba, hakumwamkia mtu, akavuta kiti. Nikamwona anagusa kona ya chini ya kioo, penye tarehe, anairudisha nyuma mwezi baada ya mwezi mpaka Aprili, wakati cheti kilikuwa bado hai. Kompyuta ikaridhika. Wekundu ukaondoka. Watu wazima, wenye mvi, wakampigia makofi.

Nikamwambia, mwanangu, leo si Aprili, na hiyo programu inaandika tarehe inayoikuta humo.

"Mama, wewe muombe Mungu," akasema bila kugeuka. "Mambo ya mfumo tuachie sisi."

Nikaomba. Nimeamriwa kuwaombea watu wa namna ile. Sikuamriwa nifurahie.

Sasa yuko mkutanoni, ameitwa kueleza. Nilisimama nikasema nilichokiona. Mwenyekiti wetu, Scholastika, akamuuliza, naye akajibu kwamba mfumo haudanganyi, wanaodanganya ni binadamu. Watu wakaitikia kwa vichwa. Hao hao waliobeba jeneza la Enock mwezi wa nane, wakala wali wa msiba wakaomba na ukoko, waliamini kioo kuliko mabega yao wenyewe. Siku hiyo niliona kimo chao. Si kirefu.

Flora akainuka kule nyuma, mtoto mgongoni.

"Bwana mtaalamu, nisomeeni na huyu wangu. Tuliandikishwa siku moja."

Karani akasoma: Aprili, tarehe ile ile. Mtoto wa kiume, Marko.

"Aprili huyu alikuwa tumboni," Flora akasema. "Mimi mama yake nilikuwa sijui kama ni Marko au Magdalena. Mfumo ulimchungulia?"

Kicheko kilianzia kwa wanaume kikazunguka mpaka kwenye benchi langu, na khanga zikarudi. Sikucheka nao. Walirudi kwa wepesi ule ule walioondokea.

Scholastika akaamuru tarehe iwekwe ya leo. Ilipowekwa, ukurasa mwekundu ukajitokeza mbele ya wote. Hapo ndipo Benjamin alipovua miwani, akaomba cheti kipya kupitia mtandao, akakiweka, na programu ikafunguka bila onyo lolote. Chai ya mkutano ilikuwa haijachemka. Kazi aliyoikwepa ilikuwa hiyo tu.

Ikabaki kuniandika upya. Kwa adabu ambayo sijui aliitoa wapi, Benjamin akaniuliza marehemu alifariki lini. Sikuwa nimeitamka siku ile tangu mazishi.

"Tarehe kumi na tisa, mwezi wa nane," Filipo akasema kutoka kiti cha mbele, akiangalia sakafu. "Jumamosi, alfajiri."

Alfajiri ile tulikuwa wawili tu pale kitandani, mimi miguuni, yeye ameshika mkono wa kaka yake.

Nikamgeukia Benjamin.

"Andika alivyosema shemeji."