Mzee wa Maonyesho

Mito ya kulalia ilijaa sebuleni hadi mlango wa jikoni ukagoma kufunguka. Mama mdogo alishona, mimi nikaitangaza kwenye duka la mtandaoni nililomfungulia, na wateja wakaipita. Wengine waliutia mto kikapuni, wakafika mahali pa kulipia, wakaingia mitini.

"Hawawezi kuubonyeza," nilimwambia. "Mtandaoni mtu hununua kwa macho na imani."

Mumewe, baba mdogo, alikwishatoa kauli: mito isipotoka mwezi huu, cherehani inauzwa.

"Nilioa mke, sikuoa ghala," alisema, akajitupa kwenye kochi. Punde akawa anakoroma, kichwa kimezama kwenye mto mmojawapo, mdomo wazi.

Mama mdogo akanikonyeza. "Mpige picha."

"Ataniua."

"Aliyelala haui mtu."

Nikapiga, nikaipandisha dukani. Chai haijapoa, oda zikaanza kuingia. Mteja mmoja aliuliza kama mzee anauzwa pamoja na mto. Mama mdogo alininyang'anya simu akajibu mwenyewe: "Mzee ni wa maonyesho tu."

Kisha akaandika mama mmoja mwenye nyumba ya wageni. Alitaka mito ya vyumba vyote, ila picha aliitilia shaka. "Huyo mmemlipa aigize. Nipigieni simu ya video nimwone akilala."

Oda hiyo peke yake ingemaliza sebule nzima na kuiokoa cherehani. Ikabidi tumwambie baba mdogo. Aliikuza picha yake kwa vidole hadi mdomoni.

"Hata mate hamkunifuta?"

"Mate ndiyo yaliyouza, mume wangu."

Alikubali, akatokea chumbani amenyoa ndevu, amevaa shati la harusini na tai. Akajilaza kama ubao, macho ameyafumba kwa nguvu.

"Huyo hajalala," mama wa wageni alisema kwenye simu. "Huyo anangoja sindano."

Baba mdogo akaongeza kukoroma.

"Sijapata kusikia mtu anakoroma kwa adabu hivyo. Haya, kwaherini."

"Subiri kidogo, dada," mama mdogo alisema. Akaketi kando ya mumewe, akaanza taratibu, "Baba, hivi lile bomba la jikoni utalitengeneza lini? Na kitasa cha mlango wa nyuma? Halafu kuna paa, upande ule unaovuja..."

Paa halijafika mwisho, vidole vya baba mdogo vikalegea. Mdomo ukafunguka. Mkoromo uliotoka sasa haukuwa na adabu yoyote.

Mama wa wageni alicheka mpaka simu yake ikatazama dari.

"Wangu naye ni vivyo hivyo," alisema. "Ila wangu huamka analalamika shingo. Hebu sogeza simu. Ya huyu imetulia kabisa. Nileteeni yote."

Mama mdogo alimlegeza mumewe tai, polepole. Tukaanza kuitoa mito sebuleni kwa kunyata, tukabakisha mmoja tu, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyekuwa na moyo wa kuuvuta.